Na Mimi Nimejitia kwenye Hesabu

Habari zimenifikia. Kwenye arusi ya huko Kuze, Mombasa, imesemwa nimeota pembe, kwamba tangu Ramadhani pesa natuma nusu na simu sipokei. Mdogo wangu kaniuliza kwa upole: "Dada, unaumwa?" Siumwi. Na kwa kuwa mimi si mtu wa maneno, nasema mara moja, mpashane.

Simu za mchana sipokei kwa sababu nimelala. Nalea wazee hapa Leicester, Uingereza, zamu ya usiku. Asiyeweza kujigeuza namgeuza kila baada ya saa chache asifanye vidonda, nampaka mafuta visigino, kisha naandika: saa ngapi, ubavu gani, kanywa maji kiasi gani. Kukicha, mgongo wangu ndio unaotaka wa kuugeuza. Kima cha chini cha mshahara huku Aprili 2025 kilipanda kikawa pauni 12.21 kwa saa, na mimi siko mbali na hapo. Nyinyi mkizidisha kwa shilingi mnaona mali. Mimi naona kodi ya nyumba, kodi ya serikali, kodi ya halmashauri, basi, na hita ya Januari.

Nilikuja na miaka 38, sasa nina 51. Ada, dawa za mama, mabati, matanga, sare za arusi: yote nimetoa, na nikasifiwa kuwa "yule hana neno". Sasa ninalo. Pensheni kamili ya serikali huku inataka miaka 35 ya michango. Nikifanya kazi mpaka 67 nitakuwa na 29. Ipo pia ya kazini: kwa kawaida mfanyakazi hukatwa asilimia 5, mwajiri huongeza 3. Mimi nimeomba nikatwe zaidi, na hiyo ndiyo nusu mnayoitafuta. Mtasema, "Si tupo, tutakulea." Inshallah. Lakini hata hawa ninaowageuza usiku wana watoto.

Na Jumatano jioni naenda kuogelea. Naam. Mtoto wa kisiwani, bahari niliijua kwa macho, na kwenye feri ya Likoni nikiwa nimeng'ang'ania chuma. Kuingia majini nimekuja kufundishwa mji usio na pwani. Ni saa ya wanawake peke yao, na mwalimu ni msichana ambaye ningeweza kumzaa. Ananiambia nitumbukize uso nipulize mapovu, nami napuliza. Kulala chali bado kunanitisha, maji yakiingia masikioni nashika ukingo. Ada yake inatoka kwenye fungu la sare za arusi. Nalisema wazi, isije ikasemwa nilificha.

Basi mpango ni huu. Dawa za mama zitakuja kama kawaida, hilo halina mjadala. Mtoto wa Halati nitamlipia mpaka amalize kidato cha nne. Michango mingine mniulize kwanza kabla ya kuandika jina langu, na nikisema siwezi, siwezi. Kile chumba cha juu cha Kisauni, anayekitaka akimalizie kwa pesa yake, akae, simdai kodi.

Simu, Jumapili baada ya adhuhuri nipo. Jumatano jioni msinipigie, iko kabatini.