Jibu: Balozi akiitwa nyumbani, ubalozi hufungwa?
Ndugu, umeuliza kama ubalozi wa Sudan hapa Nairobi ulipaswa kufungwa Februari 2025, balozi alipoitwa nyumbani baada ya mkutano wa RSF, kikosi kilichokuwa kikipigana na jeshi la Sudan, na washirika wake katika ukumbi wa KICC. Hapana. Kuitwa kwa mashauriano si kuvunja uhusiano. Ofisa anayemfuata hukaimu, jina lake likapelekwa Wizara ya Mambo ya Nje, na kazi huendelea. Kinachokwama nchi ikiwa vitani ni mishahara na vitabu vya pasipoti, maana hutoka nyumbani. Pasipoti ikiisha, raia huambiwa asubiri kitabu, huku kibali chake cha kukaa Kenya nacho kikikaribia kuisha. Inaumiza. Hata uhusiano ukivunjika, kifungu cha 45 cha Mkataba wa Vienna wa 1961 kuhusu uhusiano wa kidiplomasia kinaitaka Kenya ilinde jengo la ubalozi, mali na nyaraka zake.