Kidonge cha mchana na sahani ya samaki

SWALI: Wahariri, baba yangu ana miaka 68 na ugonjwa wa Parkinson. Amepewa vidonge vya levodopa na kabidopa, kutwa mara tatu. Cha asubuhi kinamsaidia sana. Cha mchana, akishakula wali na samaki, ni kama hakumeza kitu: mkono unatetemeka, miguu inaganda. Jirani ametuletea mbegu za upupu, anasema ni dawa ileile. Ni kweli?
Msomaji, Ngamiani, Tanga

JIBU: Kati ya seli moja ya ubongo na nyingine kuna mwanya mdogo mno, takriban nanomita 20, na ujumbe huuvuka kwa kemikali: seli moja huimwaga, ya pili huipokea kwa vipokezi vyake. Kwa mzee, zinazokufa ni seli zinazotengeneza dopamini, kemikali inayoratibu mwendo. Dopamini ukiimeza haiingii ubongoni. Levodopa huingia, kisha hugeuzwa dopamini humo humo. Kabidopa huizuia isigeuzwe njiani, maana huko huleta kichefuchefu bila faida.

Sasa samaki. Protini ikishasagwa huwa asidi amino, nazo hupita milango ileile ya levodopa, kwenye utumbo na tena kwenye kuingia ubongoni. Ni pantoni la Pangani siku ya msongamano: wengine watabaki ng'ambo. Kwa hiyo kidonge anywe kwa maji nusu saa kabla ya kula, au saa moja baada ya kula. Tumbo likimchafuka, ale nacho kipande cha muhogo wa kuchemsha, si maziwa wala maharage. Samaki mwekeeni usiku. Msimnyime kabisa, atakonda. Akitumia vidonge vya madini ya chuma, viachane na hiki kwa saa mbili.

Kichefuchefu kisiwapeleke duka la dawa kununua metoklopramidi. Hiyo huziba vipokezi vya dopamini, na kutetemeka kutazidi.

Jirani hajasema uongo: mbegu za upupu zina levodopa kweli. Ila hazina kabidopa, na kiasi hutofautiana mbegu kwa mbegu. Zikiongezwa juu ya vidonge, mzee anaweza kuanza kujinyonganyonga bila kutaka, au kuona watu wasiokuwepo. Zirudisheni.

Kwa wiki moja andikeni saa ya kidonge, ya chakula na ya kuganda, mumpelekee daktari wake apange dozi upya. Kabla ya hapo msimkatishie dawa ghafla: mwili unaweza kukakamaa kwa homa kali, na hiyo ni dharura ya hospitali.