Nyumba ya mawe ya babu, nipige plasta ya simenti?

Swali: Habari dada, niko Kondoa, babu katuachia nyumba ya mawe ya enzi za Mjerumani, nataka niikarabati nipangishe wageni wanaokuja kuona michoro ya kale ya miambani huko Kolo, ila fundi anataka apige simenti kuta zote maana chokaa inapukutika ukigusa tu. Nimkubalie?

Jibu: Hapana mdogo wangu, msimamishe kwanza! Ukuta wa mawe na chokaa unapumua, ukiuziba na simenti unyevu unabaki ndani, rangi inavimba malengelenge, mwisho plasta inabanduka na vipande vya jiwe. Kwangua iliyooza, piga chokaa na mchanga, moja kwa tatu, halafu uwe unailowanisha siku kadhaa maana jua la huku kwetu litaipasua. Na sebuleni acha ukuta mmoja mawe yaonekane, tafadhali.