Ndege inapinduka ukishafika mbali? Usikimbilie kununua pedi mpya ya gemu

Juzi usiku nimekuta meseji ya msomaji anayerusha ndege kwenye gemu la Kerbal Space Program, fupi tu: "Kaka ndege yangu inaruka freshi kabisa, ila nikishaenda mbali pua inapanda yenyewe halafu inaanza kuruka kinyumenyume. Pedi yangu imekufa nini?"

Nilicheka peke yangu sebuleni mpaka wife akauliza kuna nini, halafu nikaacha kucheka, maana swali hilohilo la pedi mimi lilinila elfu hamsini na tano jumla, na heshima yangu kwa fundi mmoja pale Kariakoo ambaye mpaka leo nikikaribia meza yake navuka barabara.

Sasa ngoja niseme yote, maana nikimjibu yeye peke yake kesho atakuja mwingine. Na kama umefungua hapa nachukulia unacheza Kerbal Space Program, lile gemu la kuunda roketi na ndege zako mwenyewe, kwenye PS au Xbox, kompyuta ya maana huna kama mimi nisivyo nayo, na ndoto yako ni ileile yetu sote: ndege inayokimbia kwenye ranwei kama ndege, inatoboa kilomita 70 za hewa ya Kerbin, ile sayari ya nyumbani kwenye gemu, inazunguka kule juu, inarudi kutua kwa matairi yake. Na siku moja Laythe, mwezi wa mbali kwenye gemu hilohilo, kwa sababu una oksijeni na injini za jeti zinawaka kule. Roketi kila mtu anarusha bwana, unawasha unashika njia. Ndege ndo shule.

Ile miezi ya mwanzo ya kukusanya pointi za sayansi mpaka kufungua vipande vya kuundia ndege naiacha, ilinichosha kuicheza na kuieleza itanichosha zaidi.

Nikaunda ndege nikaiita Mwewe. Chumba cha rubani cha Mk1, ile saizi ndogo, mbele, matangi mawili ya Mk1 yamefuatana, injini ya Wheesley moja nyuma, mabawa ya delta, mkia. Nakwambia ilikuwa nzuri. Mdogo wangu ambaye maisha yake yote ni FIFA alipita nyuma ya kochi akasema "hii kali", na huyu mtoto huwa hasifii kitu. Mpango ulikuwa kwenda ncha ya kaskazini, kule kwenye barafu, kutoka KSC, kituo chetu chenye ranwei, ni kama kilomita 940 hivi, kwa ndege ile ni zaidi ya saa nzima hewani. Nimejaza umeme wa luku kabisa isije ikakata katikati, nimemweka rubani wa gemu, Valentina, nimeondoka.

Dakika arobaini za kwanza raha tupu. SAS, ule mfumo wa kuishika ndege itulie yenyewe, imewashwa, nimeachia pedi mezani nakunywa chai. Halafu pua ikaanza kupanda. Sio kwa fujo, ilipanda polepole kama mtu anainua kidevu akuone vizuri. Nikashika analogi, kile kijiti cha pedi, nikasukuma mbele, ikashuka kidogo, ikapanda tena, nikasukuma mpaka mwisho, haisikii, na ghafla ndege yote ikageuka injini ikawa mbele, inazunguka bapa kama jani la mwembe linaanguka. Kwenye kale kapicha ka pembeni Val amefungua mdomo wote. Tumeingia baharini.

Mdogo wangu hakusema kitu. Angesema ingekuwa afadhali.

Mimi moja kwa moja nikajua ni pedi. Analogi zimechoka, zinavuta zenyewe, si tunazijua, ukiziachia mchezaji wa mpira anatembea peke yake. Nikampelekea fundi, akafungua, akasafisha, akachukua kumi yake, akaijaribu mbele yangu kwenye PS ya pale dakika tano, iko poa. Nimerudi nyumbani, nimeruka, dakika ya arobaini na kitu, kidevu kile kikapanda. Nimerudi Kariakoo siku ya pili na maneno ambayo sitayaandika hapa, mbele za wateja wake, yule mzee ananiambia "kijana pedi haina shida" na mimi namwambia yeye ndo ana shida. Nikaenda meza nyingine nikanunua pedi used elfu arobaini na tano. Nikaruka. Dakika ya arobaini.

"Kaka labda na hii mbovu," mdogo wangu akasema. Daah.

Nikauliza na kwenye grupu moja la magemu, jamaa mmoja akanijibu nirudi kucheza FIFA na wenzangu, akapata emoji za kucheka thelathini na moja. Nilizihesabu.

Jibu nililipata kwa bahati, wacha nisijifanye profesa. Siku hiyo nilikuwa hangani nataka kupunguza uzito wa Mwewe, nikafungua menyu ya tangi la mbele nikawa navuta mafuta yashuke nione itakuwa tani ngapi, na ile mipira ya kuonyesha vitovu nilikuwa nimeiacha imewashwa. Unaijua: wa njano ni kitovu cha uzito, wa buluu ni kitovu cha kunyanyua, yaani pale ambapo ukijumlisha mabawa yote ndipo hewa inapoishika ndege. Mafuta yanashuka, na ule mpira wa njano unatembea. Unarudi nyuma, taratibu, upana wa vidole viwili kwenye skrini. Nikajaza tangi, ukarudi mbele. Nikamwaga matangi yote mawili mpaka sifuri, ukaenda ukapita mpira wa buluu ukakaa nyuma yake.

Niliweka pedi chini. Ile mpya.

Hesabu yake ni ndogo tu. Tangi moja la Mk1 likijaa lina uniti 400, uzito tani 2.25, likiisha linabaki robo tani. Mawili hayo ni tani nne za mafuta, na kwenye Mwewe sehemu kubwa ya hizo tani ilikuwa mbele ya kitovu. Injini yenyewe tani moja na nusu iko mkiani na haipungui hata gramu. Kwa hiyo unavyochoma mafuta ndege inazidi kuwa nzito kalio, mpaka kitovu cha uzito kinapita nyuma ya kitovu cha kunyanyua, na hapo pua ikipanda hata kidogo hewa inaipandisha zaidi badala ya kuirudisha. Waliorusha tiara utotoni wanajua. Sisi mkia tulikuwa tunafunga vipande vya kanga iliyochakaa, ukiukata mkia tiara haianguki, inachanganyikiwa, inazunguka kama imepandwa na mashetani. Ndege ni hivyohivyo, uzito mbele, kinachoshika hewa nyuma.

Na kwa nini dakika arobaini zote nilikuwa sioni? SAS. Hii ndo inaniuma mpaka leo. Pale chini kushoto kwenye skrini kuna vishale vinavyoonyesha usukani unavutwa kiasi gani. Nilipoirusha tena makusudi nione, kile kishale cha pua kilikuwa kinashuka taratibu dakika baada ya dakika, SAS inasukuma pua chini, inasukuma, inaficha tatizo, mpaka kishale kimegonga mwisho na haina tena cha kusukuma. Ndo pale kidevu kinapanda. Mimi nakunywa chai najiona rubani kumbe mashine inapigana peke yake kimyakimya. Na ndo maana kwa fundi dakika tano ilikuwa poa. Mzee wa watu.

Kwa hiyo ushauri: mwaga mafuta hangani, angalia mipira. Ikiwa imejaa, mpira wa buluu uwe nyuma kidogo ya wa njano, ikiwa tupu pia uwe nyuma, hata nusu tangi uwe nyuma. Usiupeleke nyuma sana, nilifanya hivyo kwa hasira kwenye Mwewe wa pili, pua ikawa nzito kama jiwe, ranwei ikaisha nikaenda kuangukia kwenye majani. Mabawa nyuma kidogo tu. Na matangi uyaweke katikati, karibu na mpira wa njano, ili yakiisha mpira huo usitembee. Mimi Mwewe wa tatu nilitoa injini mkiani nikaweka mbili ndogo za Juno kwenye mabawa, mwendo ukapungua ila mpira wa njano ukatulia kama umepigwa msumari. Nasema tena, mwaga mafuta uangalie mipira.

Na usione aibu, hata wakubwa walipigana na hiki kitu. Ile ndege ya ndugu wawili wa Wright kule Marekani, Desemba 17, 1903, safari ya kwanza ilikaa hewani sekunde 12 tu, usukani wa kupanda na kushuka ulikuwa mbele na ndege ilikuwa inayumba kwenda juu na chini muda wote. Concorde nayo ikivuka mwendo wa sauti kitovu cha kunyanyua kinarudi nyuma, sasa walifanyaje, wakawa wanapampu mafuta kwenda tangi la nyuma angani hukohuko, wakipunguza mwendo wanayarudisha mbele. Abiria wanakula na kunywa, mpira wa njano unahamishwa chini ya miguu yao. Nilivyosoma hiyo nilimfuata mdogo wangu chumbani kwake kumsimulia, akaniambia funga mlango.

Mengine yapo ila ni madogo. Ndege ikitetemeka mabawa, mara nyingi kila kipande cha usukani kinafanya kazi zote tatu kwa wakati mmoja kwa sababu ndivyo gemu inavyokupa, sasa fungua menyu ya kila kimoja: vya kwenye ncha za bawa viachie kulala kulia na kushoto tu, vya mkiani pua tu, kile kilichosimama kugeuka tu. Kwenye ranwei ikikuvuta pembeni, angalia matairi yamesimama wima, yakiwa yameinama hata kidogo inakupeleka majanini. Na matairi ya nyuma yawe nyuma kidogo tu ya mpira wa njano, ukiyapeleka mkiani kabisa pua haitainuka hata uvute analogi ing'oke. Unaona, mpira wa njano tena.

Ila tatizo kubwa wala sio matairi, ni sisi. Tunapenda kulaumu kitu tulichoshika mkononi kwa sababu ndo kilicho karibu. Analogi, luku, TV, aliyetuuzia CD. Watu wa kompyuta wanaweka mods, yaani nyongeza za watu wengine kwenye gemu, wanaweka marubani wa kujiendesha, sisi wa PS na Xbox hatuna hata moja ya hizo, na badala ya hilo kutufanya tuijue ndege kuliko wao tunakaa tunalia. Mimi nililia miezi miwili. Kijana mwenzangu, una hangari ya bure, una mafuta ya bure ya kumwaga, ndege ikianguka unarudisha nyuma unaanza upya, rubani wa kweli angeuza kiwanja apate nafasi kama hiyo na wewe unaandika "gemu imebagi". Haijabagi. Fungua tangi uangalie. Na usikubali mtu akwambie urudi FIFA, yule jamaa wa emoji thelathini na moja nimecheki picha zake, anarusha roketi tu.

Jumapili iliyopita Mwewe wa tano alifika barafuni. Saa moja na dakika kumi na mbili, kishale cha pua katikati palepale muda wote, nimeshusha pale kwenye weupe, nimeruka mara mbili tatu kwa matairi, nimesimama. Val ameshuka amechomeka bendera. Mdogo wangu alikuwepo, akapiga picha TV kwa simu, na hakusema kitu, ila safari hii ni kutosema kwa aina nyingine.

Sasa wewe kaka uliyeniandikia, nitumie picha moja tu, ndege ikiwa hangani, matangi yote sifuri, mipira imewashwa. Pedi usiiguse kwanza, na usiende kwa mtu kumfokea.

Mimi Jumamosi napitia Kariakoo na ile pedi yangu ya zamani. Ni nzima, haina tatizo lolote, nitamwambia fundi anibadilishie raba za analogi tu, bei atakayotaja naitoa hiyohiyo.