Usikubali dashibodi ya mzee itupwe

Kaka, pole. Unasema dashibodi ya Land Rover Series III aliyokuachia marehemu baba imepasuka karibu na geji, na fundi hapo Tabora anataka akuchongee ya mninga. Mninga ni mzuri, lakini wa kitanda. Series III ilitoka 1971 ikiwa na dashibodi ya plastiki. Ukiweka mbao, gari si lile tena.

Kwanza, usiing'oe asubuhi yenye baridi. Plastiki iliyopigwa jua miaka mingi inavunjika kama biskuti. Acha gari juani kidogo, fungua skrubu zote ndipo uvute, na ukihisi imegoma, simama: kuna skrubu hujaiona. Mimi nilivuta kwa hasira, nikabaki na sikio la dashibodi mkononi.

Toboa kitundu chembamba mwisho wa kila ufa ili usiendelee kutembea. Halafu ufanyie kazi upande wa nyuma: piga msasa, panga wavu wa faibaglasi, paka gundi ya epoksi, acha mpaka kesho yake. Supaglu iache, inakauka ngumu mno, mtikisiko wa barabara ya vumbi utaifungua, na inaacha ukungu mweupe. Ukitaka kusafisha kwa asetoni, ijaribu kwanza pembeni pasipoonekana, maana baadhi ya plastiki huyeyuka.

Na kama kuna mtu alishaing'arisha kwa nta ya nyuki (huko kwenu haikosekani), ioshe kwa sabuni kabla ya yote. Gundi haishiki juu ya nta.