Kusindikiza wanafunzi makumbusho Lubumbashi: kazi ya mgeni ni ipi?
Karibu Lubum, dada. Umeuliza kama wewe uliyetoka Mbeya kuja kujitolea utakuwa na faida yoyote siku watoto wa darasa la tatu watakapoenda makumbusho kwa mara yao ya kwanza. Utakuwa nayo, ila si kwa kueleza historia. Kazi yako kubwa ni kuhesabu vichwa: ndani ya basi, getini, chooni, tena getini. Sisi tulipungukiwa na mmoja. Tukamkuta peke yake mbele ya misalaba ya shaba, pua imebanwa kwenye kioo.

Hapo kwenye misalaba msiharakishe. Waambie ilitumika kama pesa, na mingine ilizikwa pamoja na wafu, karne nyingi kabla mji huu kuanzishwa 1910. Maswali yatamiminika, mengine kwa Kifaransa. Hayo mwachie mwalimu.

Kiswahili chako watakicheka. Ukisema ugali, wao bukari. Cheka nao tu.

Beba ndoo ndogo na maji, maana basini hakosi wa kutapika. Picha za watoto usipige mpaka direkta (mkuu wa shule) na wazazi wakubali.