Mwanangu anatumia methadoni, na mdogo wake anasemwa ana jini

SWALI

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, sheikh. Mwanangu wa kwanza alikuwa mraibu wa unga (heroini) kwa miaka mingi. Sasa anakunywa methadoni, dawa ya kutibu uraibu huo, kila siku kliniki. Ametulia, anafanya kazi, amerudi msikitini. Lakini ustadhi mmoja amemwambia kuwa methadoni nayo ni dawa ya kulevya, kwamba sala zake hazipokelewi siku 40, na kwamba aiache kabla ya Ramadhani. Mdogo wake ana miaka 11. Huwapiga wenzake hadi kuwaumiza, huiba, hutesa wanyama, na mara mbili amewasha moto ndani ya nyumba. Jamaa wanasema ni jini, wengine wanasema ni laana ya dhambi za kaka yake, na wanataka tumpeleke mahali ambapo watoto hufungwa minyororo na kuchapwa mpaka wanyooke. Nifanye nini? Na je, kaka yangu anaweza kutoa zaka yake iwe nauli ya mwanangu kwenda kliniki?

JIBU

Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh, mama yangu. Kabla ya dalili yoyote, lililo la haraka: mwanao asiache methadoni. Asiiache kwa kauli ya ustadhi, asiiache kwa ajili ya Ramadhani, wala asijipunguzie dozi. Mwambie leo hii.

Nimelitanguliza hilo kwa sababu fatwa inaweza kuua, na imewahi kuua. Jabir (r.a.) amesimulia kuwa walipokuwa safarini, mmoja wao alipigwa na jiwe akapasuka kichwa, kisha akaota usiku akawa na janaba. Akawauliza wenzake kama anaruhusiwa kutayamamu. Wakamwambia: hatukuonei ruhusa, na maji unayaweza. Akaoga, akafa. Habari ilipomfikia Mtume (s.a.w.) alisema: "Wamemuua, Mwenyezi Mungu awaue! Mbona hawakuuliza ikiwa hawajui? Hakika ponya ya asiyejua ni kuuliza." Ameipokea Abu Daud. Wale hawakuwa watu waovu. Walikuwa na bidii ya dini, wakaikumbuka hukumu ya maji na kumsahau mgonjwa aliyesimama mbele yao.

Sasa tazama ugonjwa wa mwanao ulivyo. Heroini hufanya kazi mwilini kwa saa chache tu. Aliyezoea akiikosa, arosto, yaani maumivu ya kuukosa unga, huanza ndani ya nusu siku: mifupa inauma, tumbo linaharisha, anatapika, jasho na baridi vinamjia kwa pamoja, usingizi hauji. Makali huwa siku ya pili na ya tatu, na kwa wengi hupungua ndani ya wiki moja. Familia huona hapo kazi imekwisha. Haijaisha, kwa sababu kiu ya unga haiondoki na arosto. Ubongo umeshabadilika, na kiu hiyo huweza kurudi baada ya miezi, hata miaka. Wakati huohuo mwili umepoteza mazoea yake. Akirudia kipimo kilekile alichokuwa akikiweza zamani, pumzi hukatika. Ndiyo maana vifo vingi huja pale ambapo watu wanasema "amepona": ametoka jela, ametoka kufungiwa nyumbani, au ameacha matibabu ghafla. Wiki nne za mwanzo baada ya kuacha ndizo za kuogopwa zaidi.

Methadoni hukaa mwilini zaidi ya siku nzima, kwa hiyo hunywewa mara moja kwa siku. Hushika palepale ubongoni ambapo heroini hushika, lakini polepole, ikazuia arosto na kutuliza kiu. Ikiwa kipimo ni sahihi, mgonjwa aliyekwisha kuizoea halewi. Madaktari Vincent Dole na Marie Nyswander walianza kuwatibu waraibu wa heroini kwa njia hii mjini New York katika miaka ya 1960, na mwaka 2005 Shirika la Afya Duniani liliiweka katika orodha ya dawa muhimu pamoja na buprenofini, ambayo huwekwa chini ya ulimi. Utafiti wa nchi nyingi umeonyesha kuwa walio katika matibabu haya hufa kidogo kuliko walio nje yake, na kwa kuwa huacha au hupunguza kujidunga, huambukizwa kidogo Virusi vya Ukimwi na homa ya ini.

Najua ustadhi amesimamia hadithi sahihi: "Kila kilevi ni khamr (mvinyo), na kila khamr ni haramu." Hadithi hiyo imo katika Sahihi ya Imam Muslim na hatuibishi. Lakini wanazuoni wa usuli, yaani misingi ya sheria, wametufundisha kuwa hukumu huenda pamoja na sababu yake, na sababu hapa ni kulevya. Qur'ani yenyewe imetupa kipimo pale ilipokataza kuikaribia sala katika ulevi "mpaka mjue mnayoyasema" (4:43). Mtu anayeamka, akaenda kazini, akasimama katika safu na kuufuata usomaji wa imamu, anayajua anayoyasema. Na hata mwenye kushikilia kwamba dawa hii asili yake ni katika vilevi, bado ipo aya ya dharura: anayelazimika, bila ya kutamani wala kupita kiasi, hana dhambi (2:173). Imam Nawawi alijadili mtu ambaye kiungo chake kimeoza na hakiwezi kukatwa mpaka apewe kitu cha kumwondoa akili, akasema kauli iliyo sahihi zaidi ni kuwa yafaa. Ikiwa kuondoa akili kwa muda kwaruhusiwa ili kuokoa mwili, vipi dawa inayomrudishia mtu akili yake?

Hili halimhusu anayeinunua mitaani bila daktari ili apate raha. Kwake yeye methadoni ni haramu bila shaka yoyote.

Ama siku 40, hadithi hiyo ni ya mnywaji wa khamr, na ndani yake mna maneno ambayo hayasomwi mara nyingi: akitubu, Mwenyezi Mungu humkubalia toba yake. Isitoshe, wanazuoni wameeleza kuwa kinachopotea ni thawabu tu, na faradhi ya kusali haimwondokei mtu. Kumwambia aliyetubu kwamba sala zake hazina maana ni kumfungulia mlango wa kuiacha sala kabisa. Palikuwa na mtu zama za Mtume (s.a.w.) jina lake Abdullah, wakimwita kwa lakabu Himar, aliyekuwa akimchekesha Mtume. Aliletwa mara kwa mara kwa kosa la ulevi akiadhibiwa. Siku moja mtu akasema: Mungu amlaani, mara ngapi analetwa! Mtume akajibu: "Msimlaani, kwani Wallahi nijuavyo mimi anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake." Imo katika Bukhari. Ikiwa mlevi ambaye hajaacha alisemewa hivyo, mwanao aliyeacha anastahiki nini kutoka kwetu tunaosali naye?

Kuhusu Ramadhani, dawa inayomezwa mchana hufunguza. Basi aende kliniki mapema, wiki kadhaa kabla, aombe saa yake ya kunywa ihamishiwe baada ya magharibi au apangiwe namna ya kuinywa usiku. Kwa kuwa ni mara moja kwa siku, daktari ana nafasi ya kupanga. Ikishindikana kabisa, yeye ni mgonjwa, na mgonjwa ana ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine (2:185). Ikiwa matibabu ni ya muda mrefu na hana tamaa ya kupata siku za kulipa, atatoa fidya kwa kulisha maskini kila siku moja. Siku akitaka kuimaliza dawa, atashuka na daktari kidogo kidogo, kwa miezi, na wako watakaoihitaji kwa miaka. Hiyo si aibu.

Tahadhari mbili za nyumbani, na hizi ni wajibu kwako. Akipewa dozi ya kuja nayo, ifungiwe kwa ufunguo, kwani kipimo cha kawaida cha mtu mzima huweza kumuua mtoto, nawe una mtoto asiyeacha kitu mahali pake. Pia asiichanganye na pombe wala vidonge vya usingizi, maana pumzi husimama. Uliza kliniki kuhusu naloksoni, dawa ya sindano au ya kupuliza puani inayorudisha pumzi ya aliyezidisha heroini. Mkiweza kuipata, kaa nayo na ujifunze kuitumia, na ukiitumia ita gari la wagonjwa vilevile, kwa kuwa nguvu yake huisha mapema.

Nageukia mtoto, na hapa nakuomba unisome taratibu.

Hakuna laana ya kaka yake juu yake. "Hakuna mbebaji atakayebeba mzigo wa mwingine" (6:164). Na kwa miaka 11, ikiwa hajabaleghe, kalamu haijamwandikia dhambi. Tunaamini majini wapo, na kumsomea ruqya, yaani kisomo cha kumwombea ponya, kwa Fatiha, Ayatul Kursi na Qul tatu ni jambo jema. Msomee wewe mwenyewe, mkono wako kichwani mwake. Lakini hujaniambia ishara yoyote inayothibitisha jini. Ulichoniandikia, kupiga, kuiba, kutesa wanyama na kuchoma moto, madaktari wa afya ya akili ya watoto wanakifahamu. Wanaliita tatizo la mwenendo, na hulitambua pale tabia za namna hii zinapojirudia kwa muda wa mwaka hivi, si kwa utundu wa siku moja. Chanzo chake mara chache huwa kimoja: kuna kurithi, kuna kutotulia na kukosa umakini kusikotibiwa, kuna kushindwa masomo kwa sababu ya tatizo la kujifunza, kuna kukulia katika vurugu na hofu. Mtoto huyu ameishi miaka ya unga ndani ya nyumba, na huenda ameona mengi ambayo hakuna aliyemweleza. Kuna jambo jingine zito: chunguza kwa upole kama kuna mtu anayemdhuru au aliyewahi kumdhuru, hata mwilini mwake. Mpeleke kwa daktari wa watoto, umwambie yote bila kuficha ule moto.

Hakuna kidonge cha kutibu mwenendo wenyewe. Vipo vya kutibu kinachoambatana nao, kama kule kutotulia. Tiba yenye matokeo mazuri huanza kwa wazazi: kufundishwa na mtaalamu namna ya kutoa amri fupi na kuisimamia, kuliona jema dogo na kulisifu papo hapo, na kuweka adhabu nyepesi ambayo haibadiliki leo na kesho. Ni kazi ya miezi, na inachosha. Minyororo na viboko hufanya kinyume. Hata programu za kuwapeleka watoto magerezani ili watishike, zilipopimwa, zilionekana kuongeza uhalifu. Bibi Aisha (r.a.) amesema Mtume hakuwahi kupiga chochote kwa mkono wake, si mwanamke wala mtumishi, isipokuwa alipokuwa akipigana jihadi. Anas alimtumikia miaka 10 tangu utotoni, hakuambiwa hata "ah!" Kumpeleka mtoto kwenye minyororo ni dhulma. Haifai kwako kukubali, hata jamaa wote wakilaumu.

Msimwite mwizi wala shetani, kwa maana kuitana kwa majina mabaya kumekatazwa (49:11), na mtoto huishi kwa jina alilopewa. Alichoharibu cha watu, lipeni: dhambi haiandikwi, lakini haki ya mwenye mali ipo, na mtoto mwenyewe ashiriki kidogo katika kurekebisha. Viberiti na visu viondolewe mikononi mwake, na asiachwe peke yake na watoto wadogo. Usichelewe, kwani watoto wa hali hii wasiposaidiwa ndio wanaokaribiwa zaidi na dawa za kulevya wakikua.

Zaka: ikiwa mwanao hana cha kumtosha, mjomba wake anaweza kumpa, kwani mjomba halazimiki kumlisha. Mtume (s.a.w.) amesema sadaka kwa jamaa ni mawili, sadaka na kuunga udugu. Wewe na baba yake zaka yenu hamtampa madhali ni juu yenu kumhudumia. Nyinyi mpeni tu. Zaka ni milki ya anayepewa, basi mjomba amkabidhi. Ikiwa kijana mwenyewe anaogopa kushika fedha nyingi kwa wakati mmoja, akufanye wewe wakili wake uipokee kwa niaba yake na umpe nauli ya siku kwa siku.

Wallahu a'lam.